Picha za harusi: mteja hulipia nini hasa?

Kila msimu wa harusi unapowadia, iwe ni London, Leicester, Maskati, Dubai au Minneapolis, kuna lalamiko moja lisilokosa kusikika katika vikao vya familia. Ukumbi umelipiwa, na ingawa watu waliguna, walilipa. Mpishi naye amepatana bei na wazee, na pilau la watu 300 halina ubishi mkubwa. Lakini mpiga picha anapotaja bei yake, watu hutazamana. Pauni 1,500 kwa mtu aliyekuja na begi moja mgongoni? Kwa kazi ya siku moja? Kwa kubonyeza kidude ambacho hata mtoto wa darasa la pili anacho katika simu ya mama yake?

Swali hilo si la kijinga, na wapiga picha wanaolijibu kwa kuudhika hawaitendei haki kazi yao. Mteja haoni kinachomfanya mpiga picha adai kiasi hicho. Mpishi huonekana akitoka jasho mbele ya masufuria, naye mpambaji huonekana juu ya ngazi akifunga vitambaa. Mpiga picha huonekana akizungukazunguka ukumbini, akila sahani yake ya biriani kama wageni wengine, kisha akiondoka. Sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika usiku, chumbani, baada ya maharusi kwisha kurudi fungateni.

Basi wasikilizaji na wachukulie mfano wa hesabu, kwa mpiga picha anayefanya kazi peke yake katika mji wa wastani nchini Uingereza. Bei yake ni hizo pauni 1,500. Siku ya harusi hukaa kazini saa 10, tangu bibi harusi anapopakwa wanja hadi wanandoa wanaposindikizwa garini. Safari ya kwenda na kurudi, saa 3. Kabla ya hapo amekutana na familia na kwenda kuukagua ukumbi, saa 4. Baada ya harusi anazo picha 3,000, na kuzipitia moja baada ya moja ili kutupa zile ambazo mtu amefumba macho au shangazi amepita mbele ya kamera huchukua saa 7. Zinabaki 600. Kila moja ikihitaji dakika 2 tu za kurekebishwa mwanga na rangi, hizo ni dakika 1,200, yaani saa 20. Kupanga albamu, kutuma picha na kujibu ujumbe wa mawifi wanaouliza zitakuwa tayari lini, saa 6 nyingine. Jumla ni saa 50.

Fedha nazo zina safari yake. Msaidizi anayepiga picha upande wa wanaume wakati yeye yuko upande wa wanawake analipwa, tuseme, pauni 200. Albamu yenyewe, iliyochapwa na kufungwa kiwandani, pauni 180. Mafuta ya gari na maegesho, 50. Bima, programu za kompyuta, tovuti na hifadhi ya picha, fungu la harusi hii ni 90. Vifaa, iwapo vimemgharimu pauni 13,000 na anatarajia vimtumikie katika harusi 100, vinakula 130. Zikitolewa zote hizo, zinabaki pauni 850. Zigawe kwa saa 50, na kila saa ni pauni 17.

Hapo bado hajalipa kodi ya mapato wala bima ya taifa. Hana likizo yenye malipo, hana mwajiri wa kumchangia pensheni, na akivunjika mkono mwezi Juni msimu wote umempotea. Kwa kulinganisha, mwezi Aprili mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara nchini Uingereza kwa watu wenye umri wa miaka 21 na zaidi kiliwekwa kuwa pauni 12.21 kwa saa. Mfanyakazi wa kima hicho anayefanya kazi saa 37 na nusu kwa wiki hupata zaidi ya pauni 23,000 kwa mwaka. Mpiga picha wetu wa mfano, akipata harusi 25 kwa mwaka, hubakiwa na pauni 21,250. Kwa maneno mengine, yule anayedhaniwa kuwa mnyang'anyi yumkini anapata chini ya kijana anayepanga bidhaa kwenye rafu za duka.

Mtu atauliza, na ni haki yake kuuliza, kwa nini basi asifanye harusi 50 badala ya 25. Jawabu ni kalenda. Katika Ulaya harusi nyingi huangukia Jumamosi, na Jumamosi za tangu mwezi Mei hadi Septemba hazizidi 22. Kwa jamii za Waswahili walioko ughaibuni kalenda ni finyu zaidi. Mwezi wa Ramadhani haufungwi harusi. Watu hujazana katika wiki zinazotangulia mfungo na zile za Mfunguo Mosi baada ya Idi. Na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kuna miaka ambapo misimu hiyo miwili huangukia katikati ya baridi, na mingine hukutana na likizo za shule, ambapo kila familia inataka tarehe ileile kwa kuwa ndipo ndugu kutoka Mombasa, Unguja na Toronto wanapoweza kusafiri. Mpiga picha hawezi kugawanyika mara tatu Jumamosi moja. Anachouza ni siku, na siku zake zimehesabiwa.

Ghali ya picha si jambo la leo. Ufundi huu ulitangazwa hadharani mjini Paris tarehe 19 Agosti mwaka 1839, baada ya serikali ya Ufaransa kumpa mvumbuzi wake, Louis Daguerre, kiinua mgongo cha faranga 6,000 kwa mwaka ili siri yake iwe mali ya watu wote. Uingereza haikufaidika na ukarimu huo, kwani Daguerre alikuwa amekwisha sajili haki zake huko. Richard Beard alizinunua haki hizo, akafungua studio mwezi Machi mwaka 1841 juu ya paa la taasisi ya Polytechnic mjini London, paa la vioo ili jua liingie. Bei ya picha moja ndogo ilikuwa gini moja, yaani shilingi 21 za wakati ule, fedha ambazo kibarua wa kawaida asingethubutu kuzitumia kwa ajili ya kuona uso wake. Beard mwenyewe hatimaye alifilisika.

Aliyeishusha bei ni Mfaransa André Disdéri, ambaye mwaka 1854 alisajili mbinu ya kupiga picha ndogo kadhaa, aghalabu nane, juu ya bamba moja. Gharama ya bamba ikagawanyika mara nane. Ulaya nzima ikaingiwa na wazimu wa kubadilishana picha ndogo za kadi. Disdéri alitajirika kupita kiasi, kisha kila mtu akaiga mbinu yake, bei zikaporomoka, naye akafariki dunia mwaka 1889 akiwa maskini. Ni kisa ambacho wapiga picha wa leo wangepaswa kukijua kuliko wanavyokijua, maana kimejirudia kwa kila kizazi.

Mwaka 1888 Mmarekani George Eastman alileta kamera ya Kodak kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Mtu akimaliza huirejesha kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10, picha zikasafishwa na filamu mpya ikatiwa. Mwaka 1900 ikaja Brownie kwa dola moja tu. Tangu siku hiyo mpiga picha wa kulipwa amekuwa akiishi jirani na mteja mwenye kamera yake mwenyewe, na swali la "kwa nini nikulipe?" lina zaidi ya miaka 100. Simu ya mkononi haikulianzisha. Imelipa tu sauti kubwa zaidi.

Katika pwani ya Afrika Mashariki ufundi huu uliingia mapema. Unguja katika karne ya 19 ilikuwa na studio ya A. C. Gomes, mtu mwenye asili ya Goa, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo mwanawe Rohit aliiendeleza baada yake. Mombasa ilikuwa na studio ya N. V. Parekh, ambako maharusi na vijana walijipanga mbele ya mapazia yaliyochorwa. Wazee wanaosikiliza watakumbuka jinsi bei ilivyokuwa ikitozwa zama hizo. Hukulipa siku ya mtu. Ulilipia karatasi. Kupigwa picha kulikuwa na bei nafuu, lakini kila nakala ilikuwa na bei yake, na ya ukubwa wa kutundika ukutani ilikuwa na bei nyingine, na ile iliyotiwa rangi kwa mkono ikazidi. Filamu ilibaki kabatini kwa mwenye studio. Shangazi wa Tanga akitaka nakala miaka mitatu baadaye, hana budi kurudi dukani.

Hapa ndipo ulipo ufunguo wa malalamiko mengi ya leo, nao hauzungumzwi vya kutosha. Kamera za dijitali zilipoenea katika miaka ya 2000, biashara ya nakala ilikufa. Mteja wa sasa hataki karatasi, anataka picha zote 600 katika simu yake, azitume kwa ndugu 200 kwa usiku mmoja. Faida ambayo zamani ilimfikia mwenye studio tone kwa tone, kwa miaka mingi, kutoka mifuko ya shangazi na wajomba mbalimbali, sasa hana budi kuidai yote kwa pamoja, kutoka kwa mtu mmoja, kabla ya harusi. Mtu mmoja akibebeshwa kwa mkupuo mzigo ambao ukoo wote uliubeba kidogo kidogo, lazima uonekane mkubwa zaidi.

Na wale wanaosema kuwa filamu imeondoka na gharama zimeondoka nayo wanasema nusu ya kweli. Ni kweli kwamba kamera za zamani zenye filamu pana, kama vile Yashica na Rolleiflex, zilitoa picha 12 tu kwa filamu moja, na kila kosa lilikuwa fedha. Lakini kamera ya filamu ilirithiwa na mtoto, na wakati mwingine na mjukuu. Ya dijitali huzeeka upesi. Nyingi bado zina kilango cha chuma kinachofunguka na kufunga kila picha inapopigwa, na watengenezaji hukikadiria kudumu kwa mipigo 200,000 au zaidi kidogo. Kwa harusi 25 za picha 3,000 kila moja, hiyo ni mipigo 75,000 kwa mwaka. Kamera ikifanya kazi hiyo peke yake hufikia kikomo kabla ya mwaka wa tatu kwisha. Zimekuja kamera zisizo na kilango hicho kabisa, kama Nikon Z9 ya mwaka 2021, lakini bei yake si ya kuanzia biashara.

Zaidi ya hayo, mpiga picha wa harusi aliye makini hana kamera moja, anazo mbili, na kila moja huandika picha katika kadi mbili za kumbukumbu kwa wakati mmoja. Si mbwembwe. Kadi huharibika bila ya kutoa taarifa, na ndoa haifungwi tena ili picha zipigwe upya. Harusi moja ya picha 3,000, kila faili ikiwa na megabaiti 30, ni gigabaiti 90. Harusi 25 ni gigabaiti 2,250, na kwa kuwa nakala tatu mahali tofauti ndiyo desturi ya waangalifu, hizo ni karibu gigabaiti 7,000 kila mwaka, za kununuliwa, kutunzwa na kulipiwa.

Kodi nayo ina mchezo wake. Nchini Uingereza kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 20 tangu Januari 2011, lakini biashara ndogo, ambayo mauzo yake hayafikii pauni 90,000 kwa mwaka kwa mujibu wa kiwango kilichowekwa Aprili 2024, hailazimiki kujisajili. Mteja hufurahi kutotozwa. Ila mpiga picha huyo mdogo anaponunua lenzi ya pauni 2,000 na zaidi, kodi iliyomo ndani ya bei hiyo humezwa naye mwenyewe, hana pa kuirejesha. Oman ilianza kutoza kodi ya aina hiyo Aprili 2021, kwa asilimia 5, na huko mzigo ni mwepesi zaidi.

Lakini hesabu ya vifaa na saa, hata ikiwa sahihi kiasi gani, haielezi kwa nini mpiga picha mmoja hutoza 800 na mwingine 3,000 ilhali wana kamera za aina moja. Tofauti iko katika macho, na katika harusi za Waswahili macho hayo hujaribiwa kwa namna ya pekee.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hudhani kwamba dunia, kwa wastani, ina rangi ya kijivu. Mweke mbele yake bwana harusi mweusi aliyevaa kanzu nyeupe na kilemba, kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso wa bwana harusi utageuka kivuli chenye meno. Asiyejua huirudia picha mara tano na bado haipati. Anayejua huupima uso wenyewe, huongeza mwanga pale unapostahili, kisha huchunga kanzu isiungue ikapoteza darizi zake. Ukumbini mambo huzidi. Taa za zambarau na buluu zinazopendwa na wapambaji huanguka juu ya hina, juu ya dhahabu na juu ya ngozi ya kahawia kwa namna tofauti, na bibi harusi aliyepambwa kwa saa nne huweza kutoka katika picha akiwa na rangi ya mtu aliyeugua homa ya manjano.

Tatizo hilo lina historia isiyopendeza. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zililinganisha rangi zao kwa kutumia kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, zikajulikana kama kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa picha hiyo. Rangi ikikubali ngozi yake, basi kazi imekwisha. Ngozi nyeusi zilitoka zikiwa hazina sura, na malalamiko ya wazazi kuhusu picha za watoto wao shuleni hayakubadilisha mengi. Inaelezwa na watafiti wa historia hiyo kwamba waliosikilizwa ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao za rangi ya kahawia hazitofautiani katika matangazo. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea katika miaka ya 1990. Filamu zilirekebishwa, kamera zikarekebishwa, lakini mazoea ya mafunzo hayakuondoka yote kwa siku moja, na familia nyingi za Kiafrika katika Ulaya na Marekani zinazo albamu zinazothibitisha hilo. Mpiga picha aliyejifunza kuitendea haki ngozi nyeusi pembeni ya kitambaa cheupe amejifunza kwa gharama yake mwenyewe, na hakuna ubaya akiitia gharama hiyo katika bei.

Kuna ukumbi mwingine ambao hesabu yake ni ya aina yake. Katika harusi nyingi za Oman na Ghuba, na katika shughuli za wanawake za watu wa pwani popote walipo, milango hufungwa, wanaume hubaki nje, mabuibui huvuliwa, na simu za wageni hukusanywa mlangoni au kubandikwa karatasi kwenye lenzi. Ndani humo anayeruhusiwa kuwa na kamera ni mwanamke mmoja na wasaidizi wake, wanawake watupu. Picha zake ndizo pekee zitakazokuwepo. Hakuna binti wa jirani mwenye simu atakayeokoa jahazi iwapo mambo yataharibika.

Mwanamke huyo hawezi kuziweka picha hizo katika tovuti yake. Hawezi kuzionyesha kwa mteja ajaye, labda mikono yenye hina bila uso, au vazi kwa nyuma. Mpiga picha mwingine hupata matangazo ya bure kutokana na kila harusi, yeye hapati kitu, anategemea maneno ya mdomo kati ya mama na mama. Wapo wanaotaka akabidhi kadi za kumbukumbu usiku uleule, na wapo wanaotaka afute nakala zote mara albamu inapopokelewa. Akikubali kufanya hivyo anabeba hatari ya kulaumiwa iwapo albamu itapotea, na asipokubali anabeba hatari kubwa zaidi, kwani picha moja ikitoka nje ya familia, heshima ya bibi harusi imeingia mdomoni mwa watu, na jina la mpiga picha nalo limekwisha katika mji huo.  Wanawake wenye ufundi na amana ya kiwango hicho si wengi, nao wanajua kwamba si wengi. Ni vigumu kusema kwamba bei wanayoitaja ni ya ulafi.

Suala la nani mwenye picha ndilo linalozua magomvi makubwa kuliko bei yenyewe. Watu wengi huamini kwamba aliyelipa ndiye mwenye mali. Uingereza ilikuwa hivyo, chini ya sheria ya mwaka 1956, ambapo hakimiliki ya picha iliyoagizwa na kulipiwa ilikuwa ya aliyeiagiza. Sheria ya mwaka 1988, iliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 1989, iliigeuza, na tangu hapo hakimiliki ni ya mpiga picha isipokuwa pawe na makubaliano mengine. Sheria hiyohiyo, hata hivyo, ilimwachia mteja ngao moja muhimu: picha iliyoagizwa kwa mambo binafsi ya kifamilia haiwezi kutangazwa hadharani bila ya ridhaa yake. Kwa hiyo mpiga picha anamiliki picha za harusi yako lakini hawezi kuziweka dirishani kama hukutaka. Marekani nayo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1976, humpa hakimiliki mpiga picha wa kujitegemea. Kenya imechukua njia nyingine, kwani Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huichukulia hakimiliki ya kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa mwagizaji, endapo hakuna mkataba unaosema vinginevyo.

Si ajabu basi kwamba familia inayofanya nikahi Mombasa na karamu Birmingham hujikuta na albamu mbili zenye sheria mbili. Inapoomba kununua hakimiliki kamili mjini Birmingham, bei hupanda, na familia huhisi inatozwa mara mbili kwa kitu kilekile. Kwa hakika kinachouzwa mara ya pili ni kitu kingine.

Wako wanaosema kwamba dawa ya bei ni kufungua milango ili kila anayetaka aingie. Ujerumani ilijaribu. Hadi mwisho wa mwaka 2003 haikuwa rahisi mtu kufungua studio ya picha nchini humo bila ya cheti cha fundi mkuu, cheti kinachopatikana baada ya miaka ya uanagenzi na mitihani. Mageuzi ya sheria ya kazi za ufundi yaliyoanza Januari 2004 yaliliondoa sharti hilo kwa makumi ya fani, upigaji picha ukiwemo. Yeyote akaweza kuandika jina lake mlangoni. Mteja akapata uchaguzi mpana na bei za kila namna, na pamoja nazo akapata kazi mpya ambayo zamani serikali ilimfanyia: kumtambua fundi na asiye fundi.

Na hiyo ndiyo kazi inayowashinda wengi, hasa pale mpwa anapojitokeza. Kila familia inaye mpwa mwenye kamera nzuri. Ana heshima, ana bidii, na atafanya kwa pauni 200 au kwa dua tu. Mara nyingine mambo huenda vizuri, na lisemwe hilo bila ya kinyongo. Lakini mpwa ni mgeni pia. Bibi yake atamwita ale, binamu watamvuta wacheze, na wakati wa kusaini hati ya ndoa, tendo la sekunde 40, anaweza kuwa jikoni. Betri yake ni moja. Na picha zikipotea, hakuna mkataba wa kumshika, na hata ungekuwepo, nani atampeleka mahakamani mtoto wa dada yake?

Kuhusu akili bandia, ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020 imeingia katika programu za kuchagua na kurekebisha picha, ni kweli kwamba zile saa 7 na saa 20 za mfano wetu zinaweza kupungua sana. Mteja ana haki ya kutarajia sehemu ya nafuu hiyo imfikie. Lakini programu hizo zimefunzwa kwa picha za watu wengine, na mpiga picha anayeziachia kila kitu hujikuta amerudi kwenye tatizo la kadi za Shirley, ngozi zikisafishwa hadi kupoteza rangi zao. Na Jumamosi bado ni ileile moja.

Kabla ya kutoa arbuni, kwa hiyo, maswali ya kumwuliza mpiga picha si mengi. Aonyeshe harusi moja nzima, kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho, badala ya picha 20 nzuri zilizokusanywa kutoka harusi 20. Aseme nani atakuja iwapo ataugua. Aseme kama bei ni pamoja na albamu, na kama safari ya mji mwingine inalipiwa mbali. Na aandike ni kwa muda gani atazihifadhi picha.

Hilo la mwisho husahauliwa na karibu kila mtu. Mikataba mingi huweka mwaka mmoja, mingine miezi sita tu, na baada ya hapo mpiga picha hana wajibu wa kuwa nazo. Wapiga picha wazoefu huzihifadhi zaidi ya walivyoahidi, kwa kuwa wanaijua simu ambayo siku moja itapigwa. Anayepiga aghalabu si bibi harusi. Ni ndugu wa pili au wa tatu, anazungumza polepole, anaeleza kwamba mzee amefariki Jumanne, kwamba katika simu zote za nyumbani hakuna picha yake nzuri, na anauliza kama katika zile 2,400 ambazo hazikuingia katika albamu kuna hata moja ambayo mzee amekaa upande wa kulia wa jukwaa, na kilemba chake, akicheka.